Heka si mita 70 kwa 70

Wengi wanaamini inchi na futi ziliondoka na Mwingereza, kwa sababu shuleni tulifundishwa mita na kilo. Nenda duka la vifaa vya ujenzi usikie: misumari ya inchi nne, mbao mbili kwa nne, bomba la nusu inchi, tofali za inchi sita. Sijawahi kusikia mtu akiulizia msumari wa sentimita kumi.

Hapo hakuna hasara. Hasara iko kwenye ardhi.

Muulize dalali yeyote Tanzania heka ni nini, atakujibu "sabini kwa sabini". Ukipiga kwa mita unapata mita za mraba 4,900, wakati heka halisi ni 4,047. Tofauti ni mita za mraba 853, yaani viwanja viwili vya 20 kwa 20 na chenji inabaki. Ile sabini si uongo, ila ni ya yadi. Heka ina yadi za mraba 4,840, na yadi 70 kwa 70 ni 4,900, karibu sawa kabisa. Yadi moja ni mita 0.9144, hatua ndefu ya mtu mzima, kwa hiyo wazee waliopima kwa hatua 70 hawakukosea sana. Ila hatua ni za nani? Mwenye hatua za sentimita 70 atakupimia mita 49 kwa 49, na utalipa heka nzima kwa kipande kinachozidi nusu kidogo. Njoo na futi kamba: heka ya mraba ina mita 63.6 kila upande. Na usiichanganye na hekta, ambayo ni mita za mraba 10,000, karibu heka mbili na nusu.

Kenya nako ploti ya "hamsini kwa mia" huitwa sehemu ya nane ya ekari, yaani heka hiyo hiyo. Hiyo ni futi za mraba 5,000, na sehemu ya nane kamili ni 5,445.

Televisheni ya inchi 32? Hupimwa kona hadi kona, si upana. Pima kabla ya kuagiza kabati.

Na Wamarekani, wanaosemwa hawaijui mita: tangu 1893 yadi na ratili zao rasmi zinatokana na mita na kilo, na tangu 1959 inchi ni milimita 25.4 kamili. Soda yenyewe wananunua kwa chupa za lita mbili.