Nanga haitulizi bahari

Mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Bagamoyo alifiwa na mumewe, mvuvi, wakati wa kusi. Matanga yalipokwisha, akaacha kuja kwenye sala. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia: "Katekista, kila anayeingia hapa ananiambia nisilie, ni mapenzi ya Mungu. Haya machozi niyapeleke wapi?"

Nilimfungulia Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Akashangaa kwamba maneno hayo yamo kwenye Biblia. Yamo, tena mengi. Kati ya zaburi 150, karibu theluthi ni za maombolezo, na ya 88 inaishia gizani kabisa. Anayemlilia Mungu hivyo bado anaamini yupo anayesikia. Ndiyo maana huniuma mfiwa akitakiwa achangamke ili aonekane ana imani. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro.

Basi tumaini ni nini, kama si kujikaza? Waraka kwa Waebrania, ulioandikiwa waumini waliokwisha kunyang'anywa mali kwa ajili ya imani, unaliita "nanga ya roho". Sisi wa pwani tungepaswa kulielewa neno hili kuliko wengine. Tazama mashua iliyotia nanga pale karibu na soko la samaki. Mawimbi yanaipiga, inayumba, inageuka kufuata maji, lakini haichukuliwi. Nanga yenyewe huioni. Unaijua kwa jinsi kamba inavyokaza, na hukaza zaidi bahari inapochafuka.

Ila nanga hii ina jambo la ajabu. Badala ya kuzama chini, waraka unasema imeingia "ndani ya pazia", yaani mahali patakatifu mbele za Mungu, alikotangulia Yesu. Yeye aliomba kikombe cha mateso kimwepuke, akakinywa, akafa, akafufuka. Mkristo amefunga kamba yake kwa huyo aliyekwisha kupita kaburini. Msiba wa leo unaweza kumyumbisha sana, lakini haufiki kule nanga iliposhika.

Nikipita makaburi ya misheni yetu, iliyoanzishwa 1868, huwa nasimama. Wamisionari wengi waliolala pale walikufa bado vijana. Wenzao waliwazika, kisha wakarudi kwa watu waliokombolewa utumwani, kulima na kufundisha. Sidhani kama asubuhi ile walijisikia wana nguvu.

Alhamisi iliyopita yule mama alikuja jumuiyani, amechelewa, akakaa karibu na mlango. Tulipofika kwenye somo akaomba asome yeye. Akachagua Zaburi ya 13. Kwenye "hata lini" sauti ilikatika, tukamngoja. Jirani yake akamshikia kitabu, naye akaendelea mpaka mstari wa mwisho.