Wekundu wa tofali si ushahidi kwamba limeiva

Udongo wa mfinyanzi unaweza kuingia tanurini ukiwa wa kijivu, wa manjano au hata mweusi, ukatoka mwekundu. Wekundu huo ni hematiti, yaani oksidi ya chuma (Fe₂O₃), na hukamilishwa na moto pamoja na hewa. Dhana nyingi potofu kuhusu rangi ya udongo wa kuchoma, na kuhusu taka zinazochanganywa humo, hutokana na kusahau jambo hilo.

"Likiwa jekundu, limeiva"

Goethiti, madini yanayoupa udongo umanjano, hupoteza maji yake na kugeuka hematiti kwenye nyuzi joto 250 hadi 300 za Selsiasi tu. Kwenye nyuzi 700 tofali tayari lina wekundu wa kupendeza, ila chembe zake bado hazijashikana. Likikaa kwenye unyevu litamomonyoka. Uimara huja baadaye, kwa udongo mwingi kati ya nyuzi 900 na 1,050, pale sehemu ndogo ya udongo inapoyeyuka na kuwa kioo kinachogundisha chembe zilizobaki. Moto ukizidi hapo, chembe za hematiti hukua, nyingine huyeyukia kwenye kioo hicho, na wekundu huelekea kahawia.

Kwa hiyo pima maji, usipime kwa jicho. Kausha tofali kwenye nyuzi 110 mpaka uzito usibadilike tena, liache lipoe, lipime. Lizamishe saa 24, lifute juu juu, lipime tena. Likiwa na kilo 2.40 kavu na 2.76 baada ya kuloa, limenywa gramu 360, sawa na asilimia 15 ya uzito wake mkavu. Likipita asilimia 20, litilie shaka hata kama rangi yake inavutia.

"Chuma kingi, wekundu mwingi"

Aina mbili za udongo zinaweza kuwa na asilimia 6 ileile ya oksidi ya chuma, moja ikatoka nyekundu na nyingine ya rangi ya krimu. Ya pili ina chokaa nyingi. Kalsiamu, silika na alumina zikiungana kwenye moto mkali hutengeneza madini mapya yanayokichukua chuma ndani yake, na hematiti haipati nafasi ya kujijenga. Kuongeza oksidi ya chuma kwenye udongo wa namna hiyo mara nyingi ni hasara; afadhali kuuchanganya na udongo usio na chokaa.

"Kiini cheusi kinaonyesha moto ulikuwa mkali mno"

Mara nyingi tatizo ni haraka, tena pamoja na upungufu wa hewa. Mabaki ya mimea ndani ya udongo huacha kaboni, na kaboni isipoungua yote hunyang'anya oksidi ya chuma sehemu ya oksijeni yake. Chuma kilichopungukiwa oksijeni ni cheusi, na kibaya zaidi, huuyeyusha udongo mapema. Vinyweleo huziba, gesi hukosa pa kutokea, tofali huvimba. Tiba ni kupandisha moto polepole na kuushikilia kati ya nyuzi 800 na 900 huku hewa ikipita, kabla uso haujaanza kuziba. Tofali nene huhitaji muda mrefu zaidi.

"Oksidi nyekundu hutoa glezi nyekundu"

Kwa kawaida haitoi. Huyeyukia ndani ya glezi, yaani mpako wa kioo unaofunika chombo cha udongo: kiasi kidogo huleta rangi ya asali, na asilimia 8 hadi 10 huleta kahawia nzito au nyeusi.

"Taka yoyote ikichomwa ndani ya tofali imefungwa salama"

Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Tope la viwanda vya ngozi huwa na kromiamu yenye valensi 3, ambayo haiyeyuki kirahisi kwenye maji. Likichomwa penye hewa nyingi, pamoja na chokaa au sodiamu, sehemu yake hugeuka kromiamu yenye valensi 6, ambayo ni sumu, husababisha saratani na huchujika na maji. Moto umeongeza madhara. Tofali la namna hiyo lisagwe, lilowekwe, na maji yake yapimwe maabara kabla ya mtu yeyote kulijengea.

Tope jekundu linalobaki baada ya kutoa alumina (oksidi ya alumini) kwenye boksaiti, yaani mawe yenye alumini, lina chuma kingi, na kweli hukoleza rangi. Lakini lina magadi makali: huko Ajka, Hungaria, bwawa la tope hilo lilipobomoka tarehe 4 Oktoba 2010, watu 10 walikufa na wengi waliungua ngozi. Sodiamu yake inayoyeyuka hutoka baadaye ukutani kama chumvi nyeupe. Lioshwe na lipunguzwe ukali kwanza.

"Taka hudhoofisha tofali siku zote"

Inategemea taka na kipimo chake. Chupa zilizosagwa zikawa unga laini, asilimia 5 hadi 10 ya uzito, husaidia udongo kushikana kwenye moto mdogo zaidi. Ukiacha moto uleule wa zamani tofali litapinda, na chenga kubwa huacha madoa. Unga wa mbao, asilimia 2 hadi 5, huchangia joto ndani ya tofali lenyewe na kulipunguzia uzito. Ukizidisha, tofali hunywa maji mno na kiini cheusi hurudi.

Vipande vya tofali zilizovunjika havigeuki tena udongo wa kufinyangwa hata ukiviloweka mwaka mzima, kwa sababu moto umeondoa maji yaliyomo ndani ya madini yenyewe. Vikisagwa na kupita chekeche la milimita 1, asilimia 10 hadi 20 hupunguza kusinyaa na kupasuka wakati wa kukauka. Ila usivichanganye na vifusi vyenye plasta. Punje ya chokaa hupona motoni, kisha hunyonya unyevu wa hewani, huvimba na kubandua uso wa tofali siku au wiki baadaye. Jasi nayo huleta salfati, na ukuta huota weupe.