Bolti za hedi zilizokwisha kuvutika hazirudishwi

Juzi Hilux ya kubebea samaki kutoka Ngomeni ilivutwa kwa kamba mpaka uani kwangu hapa Malindi. Injini yake ni 3L (hilo ni jina tu), dizeli ya lita 2.8. Mwenyewe alikuwa amebadilisha nyumbani gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya bloki na hedi inayofunika silinda, na kusema kweli alijitahidi: hedi aliipeleka ikasawazishwa kwa mashine, uso wa bloki akaukwangua ukang'aa. Wiki chache baadaye redieta ikaanza kutema maji.

"Fundi, gasketi ni mpya na bolti nimezikaza mpaka basi," akaniambia.

Nikamuuliza ni bolti zipi. Zilezile za zamani.

Kosa hili nakutana nalo mara nyingi, na linaniuma kwa sababu mtu hupoteza kazi ya siku mbili kwa kuokoa pesa za bolti. Bolti ya hedi hufanya kazi kama springi. Unapoikaza inavutika, na kule kutaka kujirudi ndiko kunakoibana hedi juu ya gasketi. Dizeli haiwashwi kwa cheche. Hubana hewa hadi ipate joto la kuwasha mafuta, na 3L huibana kama mara 22, kwa hiyo kila mlipuko unaisukuma hedi juu kwa nguvu kubwa. Bolti nyingi za kukazwa kwa pembe, yaani zinazomaliziwa kwa kuzungushwa nyuzi fulani, huvutwa makusudi kupita mpaka wa kujirudi kikamilifu, kama mpira wa manati uliovutwa mno. Ukizifungua, zinabaki ndefu kidogo na shingo imekonda.

Nilimpa nati mpya aizungushe kwa vidole kwenye kila bolti. Bolti nzima, nati huteleza mpaka meno yanapoishia. Iliyovutika, nati inakwama katikati, kwa kuwa meno yameachana na hayalingani tena na ya nati. Kati ya bolti 18, saba zilikwama. Ya saba aliijaribu mara tatu, kisha akaiweka chini bila kusema neno. Wapo watengenezaji wanaoruhusu bolti kupimwa na kurudishwa. Mimi nabadilisha zote.

Kufungua ni injini ikiwa imepoa kabisa. Iache ilale usiku kucha. Anza na za pembeni ukienda katikati, kidogo kidogo kwa mizunguko, la sivyo hedi itapinda. Na kwetu pwani, kusi likivuma mchanga hauna adabu: ziba silinda kwa vitambaa safi papo hapo.

Sasa matundu ya bolti kwenye bloki. Hapa nakuomba usiharakishe. Maji au oili ikibaki chini ya tundu lisilotokeza, bolti ikishuka haina pa kuisukuma, na maji hayabanwi. Bloki ndiyo itakayopasuka. Nilipasua moja nikiwa bado najifunza, na mlio wake ninao masikioni hadi leo. Puliza kila tundu kwa upepo wa kompresa, macho ukiyakinga, kisha chomeka kitambaa kwenye bisibisi nyembamba uhakikishe kinatoka kikavu.

Gasketi za injini hizi zina unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F, kulingana na pistoni zinavyochomoza juu ya bloki. Pima kwanza, ndipo ununue.

Paka oili kidogo kwenye meno na chini ya kichwa cha bolti. Bolti kavu hula nguvu yako kwa msuguano na kubana kunapungua. Kaza kuanzia katikati ukitoka nje, kwa raundi kadhaa, hadi torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, isome Nm 78. Tia nukta ya rangi upande wa mbele wa kila kichwa, zungusha zote nyuzi 90, kisha 90 tena. Nukta zote zikitazama nyuma, umemaliza. Vipimo hivi ni vya 3L. Injini nyingine ina vyake kwenye kitabu chake.

Jaza maji safi na kulanti, dawa ya kupoozea injini, si maji ya kisima yenye chumvi, yanayokula chuma kimyakimya. Washa injini ikiwa baridi, mfuniko wa redieta ukiwa wazi. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki ndani. Yakiendelea kupanda mfululizo, gasketi bado inavuja; zima. Yakikoma, funga mfuniko ukazunguke na gari, na bolti hizo usizirudie tena kwa spana.