Mizizi ya mti wa barabarani haiko kule unakodhani

Tangu shule ya msingi tumechorewa mti wenye mzizi mkuu ulioshuka chini sawa na urefu wa shina. Ndiyo maana fundi bomba akichimba mtaro kando ya mkungu hujipa moyo: "Mizizi iko chini huko."

Haiko. Kwa miti mingi, sehemu kubwa ya mizizi imo kwenye sentimita 60 hivi za juu za udongo, kwa sababu nayo inahitaji hewa, na huko chini hewa ni haba. Hutambaa pembeni, mara nyingi kupita kivuli cha matawi. Chungulia mtaro mpya: zile kamba za kahawia zilizokatwa ndizo zilizokuwa zikiunywesha mti na kuushikilia.

Mti haufi siku hiyo. Majani hupungua kileleni, matawi hukauka polepole, na miaka kadhaa baadaye upepo wa masika ukiuangusha juu ya gari, analaumiwa aliyeupanda. Saruji inayomwagwa mpaka shinani (usafi, eti) nayo huziba hewa na maji.

Bomba likilazimika kupita hapo, linaweza kupitishwa chini ya mizizi kwa kutoboa, bila kufukua.