Ukuta wa Dini na Dola Marekani: Tunayosimuliwa na Yaliyopo

Kazi yangu ni ukalimani. Nakaa kati ya wazazi na walimu katika shule za serikali za mji mmoja wa Marekani wenye familia nyingi zilizotoka Kongo, nageuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiingereza. Septemba moja, kikao kilipokwisha, mzazi mmoja wa kutoka Uvira (nimwite Mama Neema) alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kaka, ni kweli mtoto akifumba macho kabla ya kula wanamwandikia barua?"

Mwanawe yuko darasa la pili. Nyumbani walikuwa wamemfundisha asisali akiwa shuleni, asije akawaletea matatizo ya makaratasi. Aliyewaambia hivyo ni jirani. Jirani kaambiwa kanisani, na kanisani wamesikia kwenye klipu ya WhatsApp.

Klipu za namna hiyo nimezisikia nyingi, na karibu zote zinakosea jambo lilelile: haziulizi ni nani anayesema. Sheria ya Marekani ya kutenganisha dini na dola, ile inayoitwa "ukuta", inamtazama msemaji kwanza. Serikali ikiomba dua ni jambo moja, mtu akiomba dua ni jambo jingine kabisa, hata kama maneno ni yaleyale na chumba ni kilekile.

"Mungu walimfukuza shuleni mwaka 1962"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, basi tuiangalie kwa karibu. Bodi ya elimu ya jimbo la New York ilikuwa imetunga dua fupi, maneno 22 kwa Kiingereza, ikapendekeza isomwe kila asubuhi madarasani. Ni dua laini sana, ya kumkiri Mwenyezi Mungu na kumwomba abariki wazazi, walimu na nchi. Wazazi wachache wa Long Island, baadhi yao Wayahudi, walikwenda mahakamani. Mwaka 1962, katika kesi ya Engel dhidi ya Vitale, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kutunga dua si kazi ya serikali. Aliyeiandika hukumu hiyo ni Jaji Hugo Black, aliyelelewa katika kanisa la Kibaptisti huko Alabama. Mwaka uliofuata ilikuja kesi kutoka Pennsylvania, ambako sheria ilitaka aya zisizopungua kumi za Biblia zisomwe kila siku ya shule. Sheria hiyo nayo ikaanguka.

Kilichozuiwa, basi, ni serikali kuongoza ibada. Mtoto hakuzuiwa. Mtoto wa Mama Neema anaweza kufumba macho juu ya sahani yake, na mwenzake Mwislamu anaweza kusoma Kurani wakati wa mapumziko, mradi hawavurugi masomo. Tangu mwaka 1984 kuna sheria ya Bunge kwamba shule ya sekondari ya serikali inayoruhusu vikundi vya wanafunzi visivyo vya masomo, kama kile cha sataranji, haiwezi kukikatalia kikundi cha kusoma Biblia. Mahakama ya Juu iliithibitisha mwaka 1990. Hata kuisoma Biblia darasani kama historia au fasihi kunaruhusiwa, na hilo lilisemwa ndani ya hukumu ileile ya 1963 inayolaaniwa kwenye klipu.

Wanaotamani siku za zamani, shule zilipokuwa na dua na Biblia, wangeuliza kwanza ilikuwa Biblia ya nani. Shule za Philadelphia zilisomesha Biblia ya King James, ya Waprotestanti. Wakatoliki, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland, waliomba watoto wao waruhusiwe kusoma tafsiri yao. Uvumi ukazagaa kwamba wageni wanataka kuiondoa Biblia shuleni, na mwaka 1844 mji ukalipuka. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na makanisa mawili ya Kikatoliki, la Mtakatifu Mikaeli na la Mtakatifu Augustino, yakateketea. Wote waliohusika ni Wakristo.

"Ukuta huo uliletwa na wasioamini Mungu"

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo kisa kinaponoga.

Katika koloni la Virginia, Kanisa la Anglikana lilikuwa kanisa la serikali. Wahubiri wa Kibaptisti waliohubiri bila kibali walitiwa jela. Mmoja wao, James Ireland, alifungwa Culpeper akaendelea kuhubiri kupitia nondo za dirisha. Mwaka 1774 kijana mmoja wa wilaya jirani, James Madison, alimwandikia rafiki yake akilalamika kwamba wahubiri watano au sita wamefungwa kwa sababu ya imani yao tu. Ndiye Madison aliyepigana mwaka 1785 kuzuia kodi ya kuwalipa walimu wa dini ya Kikristo, na ndiye aliyeandaa rasimu ya Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Wabaptisti walikuwa nyuma yake. Walimwamini Mungu kwelikweli. Kuna aliyesema hata kabla yao: Roger Williams, mchungaji aliyefukuzwa Massachusetts kisha akaanzisha Providence mwaka 1636, aliandika juu ya ukuta kati ya bustani ya kanisa na nyika ya dunia. Hofu yake ilikuwa kwa bustani. Nyika ikiingia, maua yameisha.

Sasa twende Connecticut. Huko kanisa la serikali lilikuwa la Wakongregesheni. Mbaptisti aliyetaka kusamehewa kodi ya kanisa lisilo lake alipaswa kupeleka cheti cha kuthibitisha kwamba ni Mbaptisti. Wabaptisti wa Danbury walimwandikia Rais Thomas Jefferson wakasema, kwa ufupi, kwamba uhuru wao wa kuabudu wanaupata kama hisani ya wakubwa, si kama haki. Jefferson aliwajibu tarehe 1 Januari 1802, na humo ndimo alimoandika juu ya "ukuta wa utengano kati ya Kanisa na Dola".

Siku hiyohiyo alipokea zawadi ya Mwaka Mpya: gurudumu la jibini lenye uzito wa zaidi ya kilo 500, lililosafirishwa kutoka mji wa Cheshire, Massachusetts. Aliyelileta ni John Leland, mhubiri wa Kibaptisti, mmoja wa wapiganaji wakubwa wa kutenganisha dini na dola. Siku mbili baadaye, Jumapili, Leland alihubiri ndani ya ukumbi wa Bunge na Jefferson alikuwa miongoni mwa wasikilizaji.

Wabishi wa pande zote mbili hulichukua tukio hilo kwa nguvu. Huyu anasema, "Mnaona? Ukuta haukuwa na maana, rais mwenyewe alisali bungeni." Yule anajifanya hakusikia habari ya Jumapili. Mimi naona watu wale hawakuwa wamemaliza kuelewana wao kwa wao ukuta upite wapi. Lakini walijua nani alikuwa akiumia bila ukuta, na huyo alikuwa mhubiri.

"Maneno hayo yameandikwa kwenye Katiba"

Hayamo. Katiba inasema Bunge halitatunga sheria ya kusimika dini wala ya kuzuia watu kufuata dini kwa uhuru. "Ukuta" ni neno la barua ya Jefferson, ambalo Mahakama ya Juu ililiazima, hasa katika hukumu ya mwaka 1947. Wapo wanaoruka kutoka hapo na kudai kwamba basi jambo lenyewe ni la kuzuliwa. Neno "shirikisho" nalo halimo katika Katiba ya Marekani, na hakuna anayesema nchi hiyo si shirikisho.

"Marekani ni nchi ya Kikristo, tazama noti zao"

Noti nimezitazama. "Tunamtumaini Mungu" iliingia kwenye sarafu mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ikawa kaulimbiu rasmi ya taifa mwaka 1956, ikaanza kuonekana kwenye noti mwaka 1957, wakati wa kushindana na Wasovieti. Maneno "chini ya Mungu" katika kiapo cha bendera yaliongezwa mwaka 1954. Kiapo chenyewe kilitungwa mwaka 1892 na mchungaji wa Kibaptisti, Francis Bellamy, na yeye hakuyaweka humo. Kufikia miaka hiyo ya 1950, waasisi walikuwa makaburini zaidi ya karne nzima.

Wao walichoandika ni kifungu cha sita cha Katiba, kwamba hakuna mtu atakayepimwa dini ili apewe wadhifa wa umma. Mwaka 1797 Seneti iliridhia mkataba na Tripoli, dola ya Waislamu ya Afrika Kaskazini, na kifungu chake cha 11 katika nakala ya Kiingereza kinasema serikali ya Marekani haikujengwa kwa namna yoyote juu ya dini ya Kikristo. Rais John Adams aliusaini.

Kwa Mtanzania hili halihitaji maelezo marefu. Tumekua tukiambiwa serikali haina dini, wenye dini ni wananchi. Marekani nayo imejaa Wakristo, na serikali yake haijabatizwa. Hata Biblia ya kuapia urais ni desturi tu: Theodore Roosevelt aliapa mwaka 1901 bila Biblia. Na kiapo cha bendera nacho mtoto hawezi kulazimishwa kukitamka. Hilo walilipata Mashahidi wa Yehova mahakamani mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto na uzalendo umepanda vichwani, na leo kila mwanafunzi anakula matunda yake.

"Sisi Waislamu hayo hayatuhusu"

Mwaka 2007 Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, alipiga picha ya kuapishwa mkono wake ukiwa juu ya Kurani iliyokuwa mali ya Jefferson. Mwaka 2019 aliingia Ilhan Omar, mzaliwa wa Somalia aliyeishi miaka kadhaa ukimbizini Kenya. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na kanuni ya mwaka 1837 ya kukataza kofia ukumbini. Ikarekebishwa, akaingia na hijabu yake.

Hao ni wabunge, mtasema. Basi chukueni mfungwa Mwislamu wa Arkansas aliyetaka kufuga ndevu za nusu inchi kwa ajili ya dini yake. Gereza likamkatalia, likidai anaweza kuficha kitu humo. Mwaka 2015 majaji wote tisa walimpa haki.

"Mchungaji akigusa siasa, kanisa linafungwa"

Halifungwi. Martin Luther King alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, na hotuba zake hazikuwa za kwaya. Kilichopo ni sheria ya kodi ya mwaka 1954, iliyosukumwa na Seneta Lyndon Johnson: taasisi iliyosamehewa kodi, liwe kanisa au shirika la hisani, isimpigie debe mgombea. Adhabu ni kuondolewa msamaha wa kodi, na imetumika kwa nadra mno. Kuhubiri juu ya utoaji mimba, uhamiaji au umaskini hakujawahi kukatazwa.

"Ukuta ni uleule tangu 1791"

Laiti. Mwanzoni uliifunga serikali ya kitaifa peke yake, baadhi ya majimbo yakabaki na makanisa yao. Connecticut iliachana na lake mwaka 1818, na Massachusetts, ya mwisho, mwaka 1833. Miaka ya karibuni Mahakama ya Juu imeusogeza tena. Mwaka 2022, katika kesi ya kutoka Maine, ilisema jimbo likianza kulipia wazazi ada za shule binafsi haliwezi kuzibagua zile za dini.

Mwaka huohuo ikaja kesi ya Joseph Kennedy, kocha msaidizi wa futiboli ya Kimarekani katika sekondari ya serikali huko Bremerton, jimbo la Washington. Mechi ikiisha alikuwa akipiga goti katikati ya uwanja na kusali. Majaji sita walisema hiyo ni dua yake binafsi na shule ilikosea kumzuia. Watatu walikataa, na Jaji Sonia Sotomayor aliingiza picha ndani ya maoni yake: kocha amezungukwa na wachezaji waliopiga magoti. Katika kumbukumbu za kesi kuna mzazi aliyeeleza kwamba mwanawe hakuamini lakini alijiunga, akiogopa asije akanyimwa nafasi ya kucheza.

Kwa hiyo lile swali langu, nani anasema, hapa linakuwa gumu. Kocha ni mtu mwenye imani yake, na ni mwajiriwa wa serikali mwenye kupanga timu. Kennedy alirudishiwa kazi, akasimamia mechi moja Septemba 2023, akapiga goti peke yake, na siku chache baadaye akajiuzulu.

Nilimsimulia Mama Neema kisa hicho tulipokutana tena. Mwanawe ameshaanza kusali mezani, na hakuna aliyeandika barua. Alifikiri kidogo kuhusu kocha. "Kusali, asali," akasema. "Lakini yule anayechagua nani acheze akipiga magoti, watoto watapiga tu, hata wa msikitini."