CV ya kuomba kazi nje ya nchi: andika kinachoweza kuthibitishwa

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la ajira za nje yako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la waombaji waliotuma CV moja ile ile nchi nne au tano, wakasubiri miezi bila hata jibu la kukataliwa. Fungu la pili ni dogo, lakini ndilo linalouma zaidi: mtu amefaulu usaili, mkataba ameshausaini, kisha viza inakataliwa kwa sababu CV inasema hili na fomu ya uhamiaji inasema lile. Makala haya ni ya wote, ila tutakaa zaidi na hao wa pili, maana kosa lao haliishi kwa kutuma maombi mengine kesho yake.

Ifahamike kwanza kwamba CV ya nje ina wasomaji watatu. Wa kwanza mara nyingi ni programu ya kompyuta inayochambua maombi na kupanga taarifa zako kwenye visanduku: jina, kazi, miaka, elimu. Wa pili ni ofisa ajira, ambaye akiifungua anatafuta mambo machache tu na hana muda wa kukubembeleza. Wa tatu ndiye anayesahaulika: ofisa wa viza, au bodi ya taaluma yako huko unakokwenda, atakayeiweka CV mezani kando ya pasipoti, vyeti, barua za waajiri na fomu ulizojaza, na kulinganisha tarehe kwa tarehe. Wananchi wengi humwandikia wa pili peke yake.

Kila nchi na desturi yake

Marekani, Kanada na Uingereza usiweke picha, umri, dini wala hali ya ndoa. Wapo wanaodhani CV isiyo na picha ni ya mtu mzembe. Sivyo. Marekani, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi kazini kwa rangi, dini, jinsia au asili ya taifa, na sheria ya 1967 inawalinda wenye miaka 40 na kuendelea. Uingereza wana Sheria ya Usawa ya 2010. Mwajiri hataki kuwa na taarifa inayoweza kumletea shauri la ubaguzi, na wapo wanaoiweka kando CV yenye picha kwa sababu hiyo tu. Kwa urefu, Marekani ukurasa mmoja unatosha kwa mwenye uzoefu wa miaka michache, na kurasa mbili kwa aliyekaa kazini muda mrefu. Tangazo la Marekani likitaja "resume", wanataka hiyo CV fupi. Wakitaja "CV" aghalabu wanamaanisha waraka mrefu wa wasomi wenye orodha ya machapisho. Uingereza CV ni kurasa mbili. Australia hata tatu hazishangazi, na wadhamini wawili huorodheshwa mwishoni.

Ujerumani mambo ni mengine. CV yao, Lebenslauf, huandikwa kwa mpangilio wa jedwali, tarehe kushoto na maelezo kulia, kazi ya karibuni ikitangulia. Tangu sheria ya kupinga ubaguzi ya 2006 mwajiri hawezi kukulazimisha picha, ingawa waombaji wengi bado wanaiweka. Desturi ni kuandika mahali na tarehe mwishoni, na kusaini. Vyeti na barua za waajiri wa zamani huambatishwa tangu mwanzo, hawasubiri kuviomba.

Japani kuna fomu maalumu iitwayo rirekisho, yenye nafasi ya picha ya sentimita 3 kwa 4, na humo elimu na kazi hupangwa kuanzia ya zamani kuja ya sasa, kinyume na kwingine kote tulikotaja. Mfano wa fomu uliotolewa na wizara yao ya kazi mwaka 2021 umefanya sehemu ya jinsia kuwa ya hiari. Mwenye uzoefu huongeza waraka wa pili unaoeleza kazi alizofanya. Nchi za Ghuba, waajiri wengi hutarajia kuona uraia, tarehe ya kuzaliwa na hali yako ya viza, na picha ni ya kawaida.

Kwa nchi za Umoja wa Ulaya kuna Europass, mfumo wa bure wa kuandalia CV uliofanyiwa mabadiliko makubwa Julai 2020. Unafaa, lakini si sharti, na mwajiri akitoa fomu yake jaza yake. Poland utakuta waajiri wanataka CV iwe na kifungu cha kuridhia matumizi ya taarifa binafsi. Maneno yake kwa kawaida yamo kwenye tangazo, yanakili kama yalivyo.

Namna ya kueleza kazi uliyofanya

Hapa ndipo CV nyingi zinapoanguka hata kabla ya kufika kwa ofisa wa viza. Tazama mstari huu, wa aina tunayoiona kila siku: "Mtunza stoo, 2018–2021. Nilihusika na shughuli mbalimbali za stoo na kushirikiana vizuri na wenzangu." Msomaji hajui stoo ilikuwa ya nini, kubwa kiasi gani, wala mikono yako ilifanya nini. Mtu huyo huyo anaweza kuandika: "Mtunza stoo, ghala la vipuri vya magari, Septemba 2018 – Machi 2021, saa 45 kwa wiki. Kupokea na kukagua mizigo 30 hivi kwa wiki. Kuhesabu aina 1,200 za vipuri kila mwisho wa mwezi na kulinganisha na kumbukumbu za kompyuta. Kuendesha forklift ya tani 2.5; kusimamia wasaidizi wawili." Hakuna neno la kujisifu hapo, lakini sasa mwajiri anajua atakupangia kazi gani, na barua ya mwajiri wako wa zamani inaweza kuthibitisha kila kipande.

Saa za wiki si pambo. Kanada, katika mpango wa kuingiza wafanyakazi wenye ujuzi, mwaka mmoja wa uzoefu huhesabiwa kuwa saa 1,560, yaani saa 30 kwa wiki. Majukumu nayo hulinganishwa na orodha rasmi ya kazi ya nchi hiyo, inayojulikana kama NOC. Wananchi wakilisikia hili hukimbilia kunakili maelezo ya NOC neno kwa neno. Tafadhali acheni. Ofisa anayeisoma orodha hiyo kila siku huyatambua maneno yake mara moja, na barua ya mwajiri yenye maneno yale yale inazua shaka kwamba umeiandika wewe. Eleza ulichofanya kwa maneno yako, ukihakikisha majukumu makuu yanaonekana.

Cheo kiandikwe kilivyo kwenye barua ya ajira. Kama hakieleweki huko nje, ongeza maelezo mafupi baada yake. Usijipandishe kutoka msaidizi wa hesabu kuwa mhasibu kwa kisingizio cha tafsiri. Shahada na stashahada vilevile: andika jina lililo kwenye cheti, kisha ufafanuzi, na alama utaje na kipimo chake, kwa mfano 3.6 kati ya 5. Kuamua kwamba stashahada yako ni sawa na ngazi fulani ya nchi nyingine si kazi yako wala ya wakala wako. Ni ya taasisi ya kutathmini vyeti inayotambuliwa na nchi hiyo.

Lugha: "nzuri" na "wastani" havipimi chochote. Ulaya hutumia ngazi sita, A1 hadi C2, zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Kama una mtihani, andika jina lake, alama na tarehe, ukikumbuka kwamba matokeo ya mitihani ya Kiingereza ya IELTS na TOEFL huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili.

Tarehe

Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Tarehe ziwe na mwezi kwa maneno, kwa sababu 03/04/2021 ni tarehe 4 Machi kwa Mmarekani na 3 Aprili kwa Mwingereza. Mwaka mtupu hautoshi: "2018–2021" inaweza kuwa miaka miwili na mwezi mmoja, au karibu minne. CV ikisema hivyo na barua ya mwajiri ikisema ulianza Septemba 2018, ofisa hana wajibu wa kuchagua tafsiri inayokupendeza.

Vipindi usivyokuwa na kazi havikuvunjii heshima. Ulikuwa unauguza mzazi, ulikuwa masomoni, ulikuwa unatafuta kazi: andika. Fomu ya Kanada ya historia binafsi kwa wanaoomba ukaazi wa kudumu hutaka maelezo ya miaka 10 iliyopita, au tangu utimize miaka 18 kama ni karibuni zaidi, bila pengo. Anayerefusha kazi ya zamani kwenye CV ili kuziba pengo la miezi minne anatengeneza tatizo kubwa kuliko pengo lenyewe.

Ushauri wetu ni kuandaa kwanza jedwali moja la maisha yako, mwezi kwa mwezi, ukiwa na barua na vyeti mkononi. Kumbukumbu ya kichwani haitoshi kwa kazi hii. Kila CV na kila fomu itoke kwenye jedwali hilo. CV unaruhusiwa kuifupisha kwa kuacha kazi zisizohusika. Fomu ya serikali hairuhusiwi. Jambo moja likitajwa kote kuwili, tarehe ziwe zile zile.

Faili lenyewe

Tumia safu moja ya maandishi. CV zenye safu mbili, nyota za kupimia ujuzi na michoro huvutia macho, lakini programu nyingi za uchambuzi husoma mstari kuvuka safu zote mbili na kuchanganya maneno, na namba ya simu iliyowekwa kwenye kichwa cha ukurasa inaweza isisomwe kabisa. Jaribio ni rahisi: fungua PDF yako, nakili maandishi yote, yabandike kwenye programu ya maandishi matupu. Yakitoka vurugu, huenda ndivyo yatakavyomfikia mwajiri. Yasipotoka kabisa, ulichonacho ni picha ya CV.

Simu ianze na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, na ile sifuri ya mwanzo iondolewe. Karatasi iwe A4, isipokuwa Marekani na Kanada wanaotumia Letter, ambayo ni fupi kwa milimita 18. CV ya Word iliyojaa hadi mstari wa mwisho wa A4 ikichapwa huko inamwaga mistari kwenye ukurasa wa pili. Namba ya pasipoti, ya kitambulisho na ya akaunti ya benki hazina nafasi kwenye CV ya nchi yoyote tuliyotaja. Anayeziomba kabla ya kukufanyia usaili, muulize anazihitajia nini.

Adhabu

Wapo wanaotuambia kwamba kuongeza chumvi kidogo ni jambo la kawaida. Uingereza, Sheria ya Ulaghai ya 2006 inahusu kauli ya uongo yenye lengo la kujipatia faida, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Mwaka 2017 mkurugenzi mmoja aliyepata kazi kwa shahada na uzoefu asiokuwa nao alifungwa miaka miwili, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikaidhinisha alipe takriban pauni 96,737, ingawa utendaji wake kazini ulikuwa umesifiwa.

Kwa upande wa uhamiaji, Kanada humzuia aliyetoa maelezo ya uongo kwa miaka 5, na sheria inahesabu maelezo yaliyotolewa moja kwa moja au kupitia mtu mwingine. Australia, nyaraka au taarifa za uongo zinaweza kukunyima viza kwa miaka 3. Uingereza, udanganyifu katika maombi unaweza kusababisha kukataliwa kwa miaka 10. Marekani, aliyedanganya kwa makusudi juu ya jambo la msingi ili apate viza hazuiliwi kwa muda maalumu: anazuiwa moja kwa moja, labda apate msamaha rasmi. Kanuni hubadilika, hivyo soma tovuti rasmi ya nchi husika kabla ya kutuma.

Kwa hiyo kauli ya "wakala ndiye aliyeandika" haikusaidii. Kabla wakala hajatuma chochote, dai nakala ya kila waraka, usome, uhifadhi. Na kuhusu ada: Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unakataza wakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi, waziwazi au kwa njia ya kuzunguka, isipokuwa pale nchi iliyouridhia imeruhusu kwa makundi maalumu. Ada ya "kuboresha CV" ambayo ukikataa kuilipa jina lako haliendi kwa mwajiri ni ada ya kutafutiwa kazi iliyobadilishwa jina.

Kama umeshatuma CV au fomu yenye kosa, usinyamaze ukitumaini haitaonekana. Kwa mwajiri, tuma toleo sahihi na sentensi mbili za maelezo. Kwa ofisi ya viza, andika barua yenye namba ya ombi lako, taja kipengele chenye kosa, taarifa iliyoandikwa, taarifa sahihi na ushahidi wake, kisha uitume kwa njia rasmi ya ofisi hiyo. Kanada, kwa mfano, ina fomu ya mtandaoni kwa ajili hiyo. Fanya hivyo kabla hujaulizwa. Marekani, anayesahihisha kauli yake kwa hiari na mapema, kabla uongo haujagunduliwa, anaweza asihesabiwe kuwa amedanganya. Anayesahihisha baada ya ofisa kumwonyesha kosa hana nafuu hiyo.