Si Kila Darasa la Yoga Linamfaa Mja Mzito

Tangu tamasha la yoga lianze Lamu mwaka 2014, mikeka imeenea kuanzia kijiji cha Shela hadi kisiwa cha Manda, na akina mama wa hapa wenye mimba nao wameingia madarasani. Nafurahi kuwaona. Kinachonikera ni jibu ninalopewa kliniki kila ninapouliza darasa lenyewe ni la aina gani.

Dhana: "Ni yoga tu, mkunga. Na mwalimu nimemwambia nina mimba."

Kumwambia hakutoshi. Akishajua, atafanya nini? Mwalimu mwenye cheti cha kawaida cha Yoga Alliance, shirika linalosajili walimu wa yoga, amesomea saa 200, na ndani ya saa hizo huenda mimba imeguswa juu juu tu. Kufundisha waja wazito ni mafunzo mengine ya saa 85, juu ya yale ya awali, na wengi wenye cheti kizuri ukutani hawajayapitia. Basi mama huchanganywa na watu wote, akaambiwa "ukichoka pumzika", akaachwa aige walio mbele yake.

Mwili wa mja mzito una mambo yake. Homoni ya relaksini hulegeza kano, na mama akaniambia kwa furaha kwamba siku hizi anajikunja kuliko zamani. Hayo si maendeleo, dada yangu, ni viungo vimelegea. Ukivivuta hadi mwisho unajitafutia maumivu ya nyonga na kinena. Mimi huwaambia waishie robo tatu ya pale wanapoweza kufika. Tumbo nalo limesogeza uzito mbele, kwa hiyo mikao ya mguu mmoja ifanyiwe ukutani. Kujipinda kwa kubana tumbo, kubana pumzi na kusimamia kichwa, acha kabisa.

Kisha kuna kulala chali. Kuanzia takriban wiki ya 20, mfuko wa uzazi huweza kukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Presha hushuka, unasikia kizunguzungu, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Ukijikuta umelala chali kwa muda mfupi hakuna neno, geuka tu. Lakini madarasa mengi humalizia kwa mapumziko marefu ya chali. Ndiyo maana kabla hujalipa nataka umuulize mwalimu: "Nikifika wiki ya 28, mapumziko ya mwisho nitalala vipi?" Anayejua kazi hatasita: kwa ubavu, hasa wa kushoto, mto kati ya magoti. Anayekujibu "utakavyojisikia", mshukuru, uondoke.

Naye mwalimu ana maswali ya kukuuliza. Mimba ina wiki ngapi? Umewahi kutokwa na damu? Kondo la nyuma limekaa wapi? Presha na kiwango cha damu vikoje? Asiyeuliza lolote kati ya hayo hana habari kwamba wapo wasiopaswa kufanya zoezi hili: mwenye kifafa cha mimba au presha iliyopanda kwa sababu ya mimba, mwenye mlango wa uzazi uliolegea, aliyepasukiwa chupa (mfuko wa maji ya mtoto), mwenye upungufu mkubwa wa damu, au ambaye kondo limefunika njia mimba ikishafika miezi ya mwisho. Njoo kwanza na kijitabu chako cha kliniki tuangalie.

Na joto. Wengi wamesikia kwamba yoga ya chumba cha joto haimfai mja mzito, wakadhani hilo ni la Ulaya, lisituhusu. Panda basi kwenye paa la nyumba ya mawe mwezi wa Februari, kaskazi imelegea, saa nne asubuhi, uniambie kama hujaingia humohumo. Mwili kupata joto kupita kiasi ni hatari, hasa wiki za mwanzo, wakati uti wa mgongo wa mtoto unajengeka. Darasa liwe saa kumi na mbili na nusu asubuhi au baada ya alasiri, penye upepo, na maji karibu. Zitazame na ngazi za kupandia huko juu, zile ndefu zisizo na pa kushika.

Dhana: Mimba changa ikitikiswa hutoka.

Takriban nusu ya mimba zinazotoka mapema zina hitilafu ya kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya chembe, na hakuna mkao unaosababisha hilo. Kwa mwenye afya, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa miguu kutoka mtaa wa Langoni hadi Shela nako kumo.

Dhana: Yoga itamgeuza mtoto aliyetanguliza matako.

Hakuna ushahidi wa kutosha. Wengi hugeuka wenyewe, na ikifika wiki ya 37 wanaobaki hivyo ni kama 3 au 4 kwa 100. Hapo daktari anaweza kujaribu kumgeuza kwa mikono, hospitalini, na hufaulu karibu nusu ya mara. Mwalimu anayekuahidi kwamba atamgeuza, mkimbie. Na tumbo lisisingwe kwa nguvu, kondo linaweza kubanduka.

Dhana: Yoga haitenganiki na ibada ya watu wengine.

La dini muulize unayemwamini kwa elimu yake. La mwili najua: kupumua na kunyooka hufanyika bila wimbo wala dua yoyote, na unayo haki ya kuuliza kabla kama vitakuwamo. Uliza pia kama kuna darasa la wanawake peke yao, ili uvue buibui uwe huru. Mwezi wa Ramadhani, ukiwa umefunga, liache mpaka usiku, baada ya kufuturu na kunywa maji.

Dhana: Maumivu ni ya kuvumilia.

Hapana. Damu, maji kuchuruzika, tumbo kukaza kwa kurudiarudia, kichwa kuuma sana, kifua kubana, kuzimia, au mtoto kutulia kuliko kawaida yake: simama hapohapo, uende hospitali. Ukiwa Shela au Manda, usingoje boti ijae abiria. Ikodi yote.